Kahawa ya Mathira, simu ya karani na mstari mmoja uliobadilika ng'ambo

Katikati ya Novemba, saa nane mchana, nilikuwa nimesimama kwenye kiwanda kimoja cha kahawa upande wa Mathira, juu kidogo ya mji wa Karatina. Mvua ya vuli ilikuwa inanyunya na nilikuwa nimevaa makoti mawili. Mtu aliyelelewa Kisauni hazoei baridi ya Mlima Kenya hata akae huku miaka kumi. Mbele yangu palikuwa na foleni ya wakulima na magunia ya kahawa mbivu waliyochuma asubuhi hiyo. Karani alikuwa mezani kando ya mizani, simu mkononi. Ndani ya simu ile mna programu niliyoitengeneza mimi, ya kuandika kilo za kila mkulima na kumtumia ujumbe mfupi papo hapo. Karani alibonyeza, akangoja. Kiduara kikazunguka. Akabonyeza tena, kikazunguka tena.

Kahawa mbivu haingoji fundi wa kompyuta. Ikichumwa leo, lazima imenywe ganda leo, la sivyo inaanza kuchacha ndani ya gunia na daraja yake inashuka. Na mkulima halipwi siku hiyo. Anapeleka kahawa Novemba, pesa zinamfikia mwaka unaofuata, baada ya kahawa kukaushwa, kukobolewa na kuuzwa Nairobi. Miezi yote hiyo ushahidi wake ni ile namba ya kilo iliyoandikwa siku aliyoifikisha. Namba ikipotea hana kahawa ya kuonyesha, maana imeshachanganywa na ya wenzake ndani ya matangi.

Ajuza mmoja aliyekuwa mbele ya foleni, ambaye huku kila mtu humwita shosho, alinitazama kuanzia viatu hadi kofia, akasema: "Kijana wa Mombasa, hiyo mashine yako imekula kilo zangu?"

Nikamjibu, "Hapana, shosho, haijala kitu." Ukweli ni kwamba sikuwa na hakika.

Karani hakunisubiri nimalize. Alifungua droo, akatoa daftari kubwa lenye jalada gumu na kalamu ya wino, akaanza kuandika kama walivyoandika waliomtangulia tangu wakati wa mkoloni. Foleni ikasogea. Mimi nikarudi garini na kompyuta yangu mapajani.

Kilichoniangusha si virusi, si umeme kupotea, si mtandao. Ni jambo ambalo mafundi wa programu hulijua vizuri na wananchi hawaambiwi kamwe, na ndilo nataka kulieleza leo, kwa sababu serikali zetu za kaunti, hospitali zetu na vyama vyetu vya ushirika sasa vimesimama juu yake.

Programu za leo haziandikwi kutoka mwanzo hadi mwisho na mtu mmoja. Fundi anaandika sehemu yake ndogo, kisha anaazima vipande vingine vilivyoandikwa na watu wengine na kuwekwa wazi kwa kila mtu bila malipo. Kipande kimoja kinajua kupanga tarehe, kingine kinajua kutuma ujumbe, kingine kinajua kusoma namba za siri. Wenyewe tunaviita maktaba, au vifurushi. Navyo vifurushi hivyo vimeazima kutoka kwa vingine, na vingine kwa vingine. Programu yangu ya kahawa ilitaja kwa jina vifurushi thelathini na kitu. Ilipokuwa inaundwa, vilivyoteremshwa kutoka kwenye ghala la mtandaoni vilikuwa zaidi ya mia nane. Zaidi ya mia saba kati yake sikuwa nimewahi hata kusikia majina yake, wala sijui walioviandika wanaishi nchi gani.

Kila kifurushi kina namba ya toleo, kwa kawaida namba tatu zenye nukta katikati, tuseme 4.2.1. Makubaliano ya mafundi ni kwamba namba ya kwanza ikibadilika, jihadhari, mambo ya zamani huenda yakavunjika. Ya pili ikibadilika, kimeongezwa kitu kipya lakini cha zamani kinaendelea kufanya kazi. Ya tatu ni kasoro ndogo iliyorekebishwa. Fundi anaweza kuandika kwamba anataka toleo fulani "au jipya zaidi, mradi namba ya kwanza isibadilike". Katika JavaScript hilo huandikwa kwa kialama kidogo kama kofia, na mara nyingi huwekwa chenyewe bila wewe kuulizwa. Inaonekana ni jambo la busara: marekebisho yanaingia bila kazi. Lakini tazama limesimama juu ya nini. Ni juu ya ahadi ya mtu usiyemjua kwamba badiliko lake dogo kweli ni dogo.

Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nahamisha mfumo wa chama kutoka seva moja ya kukodi kwenda nyingine. Kodi ya ile ya kwanza ilikuwa inakwisha saa sita usiku. Nilihesabu kazi ya nusu saa. Nikaweka kwenye seva mpya toleo lile lile la zamani la Node ambalo programu ilikuwa imelizoea, nikidhani hiyo ndiyo tahadhari. Nikaamuru programu iundwe upya. Ikaanguka. Nikarudia, ikaanguka pale pale, na maneno mekundu yakanitajia kifurushi ambacho sikukiomba. Mwandishi wake, mahali fulani duniani, alikuwa ameamua kuacha kusaidia matoleo ya zamani ya Node, akabadilisha namba ya pili tu. Kwake yeye lilikuwa jambo dogo. Kifurushi chake kiliazimwa na kingine, nacho kiliazimwa na kingine ambacho ndicho mimi nilikiazima. Sikuwa nimegusa hata herufi moja ya kazi yangu tangu Agosti. Ilipofika saa sita seva ya zamani ikazimwa, nami nimebaki mikono mitupu.

Niseme kosa langu waziwazi. Kuna faili maalumu, mafundi huiita ya kufuli, ambayo huandika toleo kamili la kila kifurushi, hata vile vya ndani kabisa, pamoja na alama ya utambulisho wake ili kisibadilishwe kisiri. Ukiunda programu kwa kufuata faili hiyo unapata kitu kile kile ulichopata mwezi jana na mwaka jana. Mimi niliiacha nje ya hifadhi yangu miaka miwili iliyopita kwa sababu ilikuwa inatugombanisha na mwenzangu kila tulipounganisha kazi zetu. Uvivu mtupu. Nilitatua tatizo jioni ya siku ya pili, na si kwa ujuzi. Ilinibidi nirudi nyumbani Ruring'u, niwashe kompyuta yangu ya zamani iliyopasuka kioo, nisome ndani yake ni toleo gani lilikuwa likifanya kazi, kisha nilifunge hilo kwa mkono.

Sasa msomaji wa Likoni au Malindi atauliza: yetu sisi ni ipi katika kahawa ya Wakikuyu? Nitajibu kwa mto Tana. Maji yanayopita Garsen na kuingia baharini Kipini yanaanzia huku. Mito ya Chania, Gura na Sagana inashuka kutoka Nyandarua na Mlima Kenya, inakutana, inaingia Masinga na mabwawa mengine, halafu ndiyo inakuwa Tana ya Hola. Mabwawa yakifurika huko juu, Mpokomo na Mworma wanahama nyumba zao huku chini, na hawakuulizwa. Upande wa intaneti mambo ni kinyume. Nyaya kubwa za chini ya bahari, Seacom, TEAMS na EASSy, zilitua Mombasa mwaka 2009 na 2010, na mtoto anayesoma kwenye simu Othaya anasoma kwa hisani ya nyaya hizo. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na Seacom zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini, mafundi wa Nyeri waliketi bila kazi sawa na wa Mtwapa. Tunategemeana kwa njia tusizoziona. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na sina ubishi nao kuhusu mashamba na mirathi, lakini katika kazi hii yangu hakuna asiyetegemea cha nduguye. Hata kampuni tajiri kabisa za Marekani zinakula sahani hiyo hiyo.

Ushahidi upo. Tarehe 22 Machi 2016 mtu mmoja tu, Azer Koçulu, alikosana na ghala la vifurushi liitwalo npm kuhusu jina. Alikuwa na kifurushi kiitwacho kik, na kampuni ya Kanada yenye programu ya ujumbe yenye jina hilo ikalitaka. Ghala likaipa kampuni. Yeye akakasirika, akaondoa vifurushi vyake vyote, zaidi ya 250. Kimoja kiliitwa left-pad. Kilikuwa na mistari 11, na kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maneno ili yafikie urefu unaotakiwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kukiandika akinywa chai. Lakini vifurushi vikubwa, kikiwemo Babel kilichotumika na watengenezaji wa tovuti duniani kote, vilikuwa vimekiazima kupitia vingine. Kwa muda wa saa mbili hivi programu zilishindikana kuundwa kila pembe ya dunia, mpaka ghala likalazimika kukirudisha bila idhini ya mwenyewe. Baada ya hapo npm ilibadilisha kanuni ili mtu asiweze kuondoa tu kifurushi ambacho wengine wanakitegemea.

Wengi hukisimulia kisa hicho kama kichekesho. Mimi hukiona ni swali la haki. Yule bwana alifanya kazi bure, kampuni zikapata faida, na siku ya ugomvi sauti yake haikusikika mpaka alipozima taa. Januari 2022 likatokea lingine: mwandishi wa vifurushi colors na faker, ambaye alikuwa ameshalalamika hadharani kwamba makampuni makubwa yanatumia jasho lake bila kulipa, aliharibu kazi yake mwenyewe kwa makusudi. Programu zilizokuwa na ile kofia, "au jipya zaidi", zikavuta toleo bovu na kuanza kutapika maneno yasiyo na maana bila kikomo. Sikubaliani na alichofanya, maana walioumia kwanza ni mafundi wadogo. Lakini sijawahi kusikia jibu zuri kwa lalamiko lake.

Kuna pia mabadiliko yasiyo na ugomvi wowote. Tarehe 15 Januari 2020 ghala la Maven Central, ambalo hulisha programu za Java, liliacha kupokea maombi yasiyo na usimbaji wa usalama. Uamuzi ulikuwa sahihi na ulitangazwa mapema. Asubuhi yake, kila mradi wa zamani ulioandika anwani ya http badala ya https ulikataliwa mlangoni. Mwaka 2021 likafuata JCenter, ghala lililotegemewa sana na watengenezaji wa programu za Android: wenyewe walitangaza Februari kwamba wanafunga. Ukiwa na programu ya simu iliyotengenezwa na mtu aliyekwisha lipwa na kuondoka, nani atasoma tangazo hilo kwa niaba yako?

Mwaka 2025 mambo yalikuwa mabaya zaidi, na ndiyo maana naandika. Tarehe 8 Septemba 2025 mtunzaji mmoja wa vifurushi alipokea barua pepe iliyoonekana kama inatoka npm, ikimtaka ahuishe ulinzi wa akaunti yake. Akabonyeza. Wezi wakaingia na kuweka sumu katika vifurushi 18, vikiwemo chalk na debug, ambavyo kwa pamoja huteremshwa zaidi ya mara bilioni 2 kwa wiki. Lengo lilikuwa kuiba sarafu za kidijitali kwa kubadilisha anwani ya anayelipwa. Iligunduliwa ndani ya saa chache. Wiki moja baadaye likaja jambo ambalo mafundi wameliita Shai-Hulud, mnyoo unaojisambaza wenyewe: ukiingia kwenye kompyuta ya fundi unaiba funguo zake za siri, kisha unazitumia kuambukiza vifurushi vyake vingine. Tarehe 24 Novemba mnyoo huo ukarudi kwa nguvu zaidi, na siri za mafundi zikamwagwa hadharani katika hifadhi zaidi ya 25,000 za GitHub. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza natoka kwenye msiba wangu wa kahawa. Nilikaa usiku kucha nikikagua orodha ya vile mia nane kimoja kimoja. Nilikuwa salama, na kwa bahati, maana kofia zangu zingeweza kunipeleka popote.

Hapa ndipo penye ugumu wenyewe. Mtu atasema basi fungeni matoleo yote, msibadilishe kitu tena. Desemba 2021 iligunduliwa tundu katika Log4j, maktaba ya Java inayotumika kuandika kumbukumbu za mfumo, ambalo lilimruhusu mshambulizi kuendesha amri zake ndani ya seva ya mwenzake kwa kutuma sentensi moja tu. Aliyefunga toleo la zamani na kulala alikuwa ameacha mlango wazi. Kwa hiyo ukisasisha bila kutazama unaweza kuvuta sumu, na usiposasisha unabaki na tundu. Njia iliyobaki ni ya katikati na inachosha: funga matoleo, lakini uwe na mtu anayeyafungua kwa ratiba, anasoma kilichobadilika, anajaribu pembeni kabla ya kupeleka kwa watu. Baadhi ya zana zimeanza kusaidia. pnpm, kwa mfano, iliongeza Septemba 2025 mpangilio wa kukataa toleo ambalo halijamaliza muda fulani tangu litolewe, kwa hoja kwamba sumu nyingi hugunduliwa siku za mwanzo. Ni hoja nzuri. Bado inahitaji mtu.

Na mtu ndiye asiyekuwemo kwenye bajeti. Nimekaa kwenye mikutano kadhaa ya kununua mifumo, huku mlimani na huko kwetu, na mpangilio ni ule ule. Kuna fedha za kutengeneza, fedha za uzinduzi, fulana zenye nembo, hema na viti. Ukitaja matunzo ya mwaka wa tatu, watu wanatazama saa. Gari la kaunti lina bajeti ya mafuta na matairi, lakini mfumo wa kukusanya ada za maegesho unadhaniwa utaishi kwa dua. Halafu siku Google inapodai, kama inavyodai kila mwaka, kwamba programu zinazotaka kusasishwa Play Store zilenge toleo jipya la Android, anatafutwa fundi aliyeijenga, na fundi yuko Doha anafanya kazi nyingine.

Serikali kuu nayo imeweka mayai mengi kikapu kimoja. Tarehe 30 Juni 2023 Rais alizindua huduma zaidi ya 5,000 ndani ya eCitizen. Tarehe 27 Julai, mwezi haujaisha, kundi lililojiita Anonymous Sudan likaifurikisha mitambo hiyo kwa maombi ya uongo. Haikuwa habari ya kifurushi kilichobadilika, lakini tuliona mnyororo: pasipoti, viza, leseni za udereva, hata abiria wa reli waliotaka tiketi za Miritini walitatizika. Nani kati yetu aliyejua kabla ya siku ile kwamba safari yake ya Nairobi inapita kwenye mlango mmoja na pasipoti ya jirani yake? Sisemi tuache eCitizen. Mimi mwenyewe naipenda, imeniondolea safari nyingi za kupanga foleni. Ninachouliza ni kama wanaoisimamia wanaweza kutuonyesha orodha ya vitu wanavyovitegemea, na jina la anayevitunza kila kimoja. Nchi nyingine zimeanza kuidai orodha hiyo kwa mikataba. Marekani iliiingiza katika amri ya rais ya Mei 2021 kuhusu usalama wa mitandao, kwa programu zinazouzwa kwa serikali yake. Kwetu mbunge anayeuliza swali kama hilo sijamsikia bado.

Wala tusijione kwamba sisi ni wa kuazima tu. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza mwaka 2004, na moja ya chimbuko lake ni kazi ya wagonjwa wa HIV pale Eldoret. KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya afya vya nchi hii, imejengwa juu yake. Vijana wa Kenya wameandika sehemu zake, na wanaposhindwa kuunda toleo jipya kwa sababu maktaba fulani imebadilika, kuna jamii ya watu wanaojuana na kusaidiana. Sisemi mfumo huo hauanguki. Tofauti ni kwamba ukianguka kuna wa kumwita. Huku Nyeri, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa Data Science Africa mwezi Juni 2015, na ukipita Nyeri mjini leo utakuta vijana waliosoma hapo wanaandika programu za maziwa, za majani chai, za matatu. Uwezo upo. Tunaowafundisha ni kutengeneza, na sijui ni lini mara ya mwisho nilisikia mwanafunzi akipewa alama kwa kutunza programu ya mtu mwingine.

Kisa kimoja zaidi kuhusu watunzaji, kwa sababu hakinitoki kichwani. Mwishoni mwa Machi 2024 mhandisi wa Microsoft, Andres Freund, aliona kwamba kuingia kwenye kompyuta yake kwa njia ya mbali kunachelewa nusu sekunde hivi. Nusu sekunde. Akafuatilia, akakuta kwamba xz, zana ndogo ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila Linux, imewekewa mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeuweka alikuwa amejifanya msaidizi mwema kwa zaidi ya miaka miwili, akimsaidia mtunzaji mmoja wa kujitolea aliyekuwa amechoka na aliyesema wazi kwamba hana nguvu. Dunia nzima ilikuwa imeegemea bega la mtu mmoja aliyechoka, na aliyejitokeza kumsaidia alikuwa mwizi.

Nikarudi kiwandani Alhamisi jioni. Mfumo ulikuwa umesimama tena, lakini siku mbili za kilo zilikuwa kwenye daftari na ilibidi ziingizwe kwa mkono. Karani alisoma, mimi nikaandika, mwekahazina akakagua. Tulipofika kwa yule shosho, daftari lilionekana linasema 41. Asubuhi yake alikuwa amepita ofisini na kikaratasi chake alichoandikiwa mizanini, akakiacha kwa mwekahazina bila kuambiwa na mtu. Kikaratasi kilisema 47. Tukaleta taa karibu, tukaangalia ule mwandiko wa haraka wa siku ya mvua, tukakubaliana ni saba. Kilo sita si mzaha kwa mtu anayelipa karo ya mjukuu kwa kahawa.

Jumamosi nilimpelekea mwenyekiti karatasi moja niliyoichapisha, si barua pepe, kwa sababu barua pepe zangu hazisomi. Nilimwandikia kwamba faili ya kufuli sasa imo ndani ya hifadhi, kwamba nakala ya vifurushi vyote mia nane imewekwa kwenye diski ndani ya sefu ya chama, kwamba seva ya zamani haitazimwa tena kabla mpya haijafanya kazi kwa wiki, na kwamba daftari lisiondoke mezani hata mfumo ukienda vizuri. Nikaomba pia fedha kidogo za kila robo mwaka kwa ajili ya kusasisha. Alisoma yote taratibu, akavua miwani.

"Haya nimeyaelewa," akasema. "Sasa wewe mwana wa Pwani, siku ukirudi kwenu, nani hapa atajua kufungua hiyo diski?"

Sikuwa na jibu. Karani ana mpwa wake wa kike aliyemaliza kidato cha nne Karatina mwaka jana na anapenda kompyuta. Ameanza kuja kwangu kila Jumamosi asubuhi. Wiki iliyopita nilimfanya aunde programu kutoka mwanzo kwenye kompyuta tupu, bila mimi kugusa. Ilianguka mara mbili. Mara ya tatu alisoma maneno mekundu kwa sauti, neno kwa neno, akaniuliza ni kifurushi gani hicho na mwenyewe ni nani.